KABLA HUJAPANDA NDEGE, Sehemu ya 5: Meno yalitolewa lini kwenye matibabu ya bure?

Najua niliahidi sehemu hii itahusu mtihani wa vitendo, na wapo walioanza kunidai inboksi. Utakuja, msiwe na wasiwasi. Leo naomba niruke foleni niandike habari za meno, kwa sababu ya simu moja niliyopigiwa nikiwa zamu ya usiku.

Aliyepiga ni dada tuliyesoma naye stashahada ya unesi, tukalala bweni moja miaka mitatu. Sasa yuko Uingereza, na wakati ananipigia alikuwa na miezi minne tu huko. Kwetu ilikuwa saa nane usiku, kwao saa tano. Nilidhani kuna msiba. Kumbe ni gego la chini, upande wa kushoto. Nikakumbuka lile gego. Lilizibwa kwa dawa ya muda tukiwa wote hapa kazini, akaambiwa arudi kutibiwa mzizi, hakurudi. Visa ilikuwa imetoka, kila shilingi ilikuwa na kazi yake. Akasema, na nilimsikia kwa masikio yangu, "Nitalitibia huko huko, si bure?"

Usiku ule shavu lilikuwa limevimba. Alikuwa amepiga simu kliniki 11 za meno. Zote zilimjibu namna moja: hatupokei wagonjwa wapya wa mfumo wa serikali, ila ukilipa binafsi njoo hata kesho. Kulipa binafsi kutibu mzizi wa gego kule ni mamia ya pauni. Yeye alikuwa na deni la nauli, kodi ya chumba, na mama yake hapa nyumbani anaumwa sukari na anamtegemea. Kwenye droo alikuwa na kapsuli za amoksilini alizobeba kutoka Bongo, anameza akisikia maumivu, anaacha yakipungua. Nesi huyo! Nilimgombeza, siwezi kuwaficha.

Kisha nikamuuliza maswali ambayo nataka na wewe uyajue. Unaweza kufungua mdomo? Unameza mate vizuri? Sauti imebadilika? Chini ya ulimi na chini ya kidevu kumekuwa kugumu? Unapumua sawasawa? Siulizi kwa kujaza fomu. Mwaka 1836 daktari mmoja wa Ujerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, alieleza uvimbe unaoanzia chini ya ulimi, unakuwa mgumu kama ubao, unasukuma ulimi juu na kuziba njia ya hewa. Hadi leo ugonjwa ule unaitwa kwa jina lake, na mara nyingi chanzo chake ni gego la chini lenye usaha. Mtu anakufa kwa jino. Nimeshahudumia mgonjwa wa namna hiyo wodini, sitaki kumwona mwingine.

Mwenzangu alikuwa anameza na anapumua vizuri. Nikamwambia apige 111, namba yao ya kuomba ushauri wa matibabu ya haraka. Asubuhi alipewa nafasi ya dharura mji wa jirani, akapanda mabasi mawili, jino likang'olewa. Akalipa pauni 27 na peni 40. Gego la mtu wa miaka 33, lililokuwa linatibika vizuri kabisa, limekwenda. Jioni akanitumia ujumbe wa sauti, anaongea upande mmoja kwa sababu ya ganzi: "Hivi si walisema huku matibabu ni bure?"

Nilitaka kumjibu kwa sentensi moja nikashindwa. Jibu lake ni historia. Basi kaa vizuri.

Kwanza uwajue Waingereza wa zamani na meno yao. Sisi tunawaona kwenye filamu wana meno meupe, tunadhani walizaliwa hivyo. Hapana. Wakati wa vita vya Makaburu kule Afrika Kusini, 1899 hadi 1902, jeshi lao liliaibika kwa sababu vijana wengi waliokuja kujiandikisha walikataliwa, na wengine wakarudishwa kutoka vitani, kisa meno mabovu. Askari hawezi kutafuna biskuti ngumu ya jeshi atapigana vipi? Mwaka 1911 waziri wao David Lloyd George akapitisha sheria ya bima ya taifa. Mfanyakazi anakatwa kidogo kila wiki, akiugua anaonwa na daktari. Lakini ni yeye tu, mke na watoto hawamo. Na meno hayamo. Vyama vilivyoendesha bima ile viliruhusiwa kuongeza huduma ya meno kama mwisho wa hesabu kimebaki kitu mfukoni. Kama hakijabaki, pole. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza jino lilikuwa ni nyongeza, kama soda kwenye sahani ya wali.

Matokeo yake maskini walikuwa hawatibu meno, wanang'oa. Na hapa kuna jambo nilipolisoma mara ya kwanza nilirudia mara mbili. Kwenye baadhi ya maeneo ya wafanyakazi kule Uingereza, binti akikaribia kuolewa, au akitimiza miaka 21, zawadi yake ilikuwa kung'olewa meno yote na kuwekewa ya bandia. Mazima na mabovu, yote. Hoja ni kwamba mume asije kubeba gharama za meno ya mkewe baadaye. Sisi kwetu tunampa bibi harusi vyombo na godoro. Wao waliona heri kumaliza mambo mapema. Usiwacheke. Mtu anapoogopa bili ya kesho, hufanya mahesabu ya ajabu leo, na mwenzangu mwenye kapsuli kwenye droo alikuwa kwenye mahesabu hayo hayo.

Sasa aingie mtu wangu, Aneurin Bevan. Alizaliwa 1897 Tredegar, mji wa makaa ya mawe kule Wales, akaingia mgodini akiwa na miaka 13. Pale Tredegar wachimba migodi walikuwa na chama chao cha matibabu, wanachangia kidogo kwenye kila mshahara, na kwa fedha hiyo wanaajiri madaktari wao wenyewe, wafamasia, nesi wa mtaani na daktari wa meno. Umeona? Wachimba mkaa, kwa hela zao za jasho, waliona jino ni sehemu ya mwili. Bevan alikulia humo. Mwaka 1945 akawa Waziri wa Afya, na tarehe 5 Julai 1948 akafungua huduma ya afya ya taifa, ile NHS ambayo sisi manesi tunaisikia kila siku. Daktari bure, hospitali bure, dawa bure, miwani bure, meno bure. Meno ya bandia bure! Huhitaji kuonyesha stakabadhi wala kadi ya chama.

Unadhani nini kilitokea? Watu walifurika. Wazee waliokuwa wakila uji miaka kumi, akina mama waliokuwa wakicheka wameziba mdomo kwa kiganja, wote wakajitokeza. Waliopanga bajeti walihesabu wagonjwa waliokuwa wakija siku zote. Hawakuwahesabu waliokuwa wamekaa nyumbani na maumivu kwa kukosa hela. Kwa hiyo gharama za meno na miwani zilipita makadirio kwa mbali, na wakubwa wakaanza kusema wananchi wanaharibu. Mimi neno hilo nalijua. Kila huduma ikifunguliwa bure na watu wakajaa, utasikia mtu ofisini anasema wanatumia vibaya. Foleni ile ilikuwa ni ugonjwa wa miaka hamsini umepata mlango.

Kisha ikaja vita ya Korea. Uingereza ikaamua kujiongezea silaha, mpango wa pauni milioni 4,700 kwa miaka mitatu. Fedha zitoke wapi? Tarehe 10 Aprili 1951 Waziri wa Fedha Hugh Gaitskell akasoma bajeti: kuanzia sasa meno ya bandia na miwani mwananchi atalipa nusu ya gharama. Alitegemea kupata pauni milioni 13 mwaka ule wa kwanza. Weka namba hizo mbili pembeni kwa pembeni, 4,700 na 13, halafu niambie kama milioni 13 ndiyo iliyokuwa inaizamisha meli.

Bevan wakati huo alikuwa amehamishiwa wizara ya kazi. Alijiuzulu mwezi huo huo. Wakatoka naye Harold Wilson, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri Mkuu, na John Freeman. Serikali ikatikisika kwa ajili ya meno ya bandia! Wapo waliomwona Bevan ana kiburi, anavunja chama kwa jambo dogo. Gaitskell naye hakuwa mtu mbaya, alikuwa na hesabu za kufunga. Lakini mimi niko upande wa Bevan katika hili, kwa sababu alielewa kitu ambacho mhasibu hakioni haraka: ukishaweka meza ya kulipia mlangoni, hata kama bei ni ndogo, meza haitoki tena. Bei tu ndiyo inapanda.

Na haikutoka. Oktoba mwaka ule ule chama chao kilishindwa uchaguzi, Churchill akarudi, na tarehe 1 Juni 1952 ikawekwa pauni moja kwa matibabu ya meno ya kawaida, pamoja na shilingi moja kwa karatasi ya dawa. Mwaka 1965 Wilson, akiwa sasa Waziri Mkuu, alifuta malipo ya dawa. Yeye aliyejiuzulu kwa ajili ya meno, alifuta ya dawa, ya meno akayaacha. Na hata ya dawa yakarudi 1968. Hadi 1989 kukaguliwa meno tu kulikuwa bado bure, nako kukalipishwa. Mwaka huo 1968 walifanya uchunguzi wa kitaifa: England na Wales, asilimia 37 ya watu wazima hawakuwa na hata jino moja la asili. Zaidi ya theluthi moja, jamani, na miaka ishirini ya huduma ya taifa imeshapita.

Sasa nijibu sehemu ya pili ya swali la mwenzangu, maana yeye hakukosa fedha tu. Alikosa mlango wa kuingia. Kliniki 11!

Hili nalo lilianza 1948. Bevan alipojadiliana na madaktari, wale wa hospitalini aliwaweka kwenye mshahara wa serikali. Wa meno wa mitaani walibaki na kliniki zao wenyewe, viti vyao, wauguzi wao, wanalipwa na serikali kwa kila kazi wanayofanya. Kwa lugha ya kwetu, daktari wa meno alibaki na duka lake, serikali ikawa mteja wake mkubwa. Mteja akilipa vizuri, duka linamhudumia. Mwaka 1992 mteja akapunguza ada kwa asilimia 7. Madaktari wengi wakageuka, wakaanza kupokea wa kulipa binafsi. Mlango wa pembeni ulikuwa tayari: tangu 1986 kulikuwa na mpango unaoitwa Denplan, mgonjwa analipa kidogo kila mwezi moja kwa moja kwa kliniki yake. Mwenye uwezo akahamia huko. Asiye na uwezo akabaki anatafuta.

Mwaka 2004 kliniki moja mpya ilipotangaza kupokea wagonjwa wa serikali mji wa Scarborough, mamia walipanga foleni barabarani. Mwaka 2006 wakabadilisha mkataba, wakaleta malipo kwa vipimo vya kazi. Ukaguzi ni kipimo kimoja, kuziba ni vipimo vitatu, kofia ya jino au meno ya bandia ni kumi na mbili. Tatizo ni kwamba hivyo vitatu ni vile vile, uzibe tundu moja au uzibe sita. Fikiria wewe ni fundi, unalipwa bei moja kubandika kiraka kimoja kwenye suruali au viraka sita. Utampokea nani kwanza? Utamkwepa nani? Mgeni asiyejulikana, mwenye mdomo usiotibiwa siku nyingi, ndiye mwenye viraka sita. Mhamiaji mpya anaingia humo moja kwa moja. Marekebisho ya Novemba 2022 yaliongeza vipimo kwa mwenye meno matatu au zaidi ya kutibu, lakini wakati huo madaktari wengi walishaondoka. Mwaka huo huo BBC ilipiga simu kliniki kwa maelfu nchi nzima, na kliniki 9 katika kila 10 hazikuwa zinapokea mtu mzima mpya wa serikali. Februari 2024 foleni ile ya Scarborough ikajirudia Bristol, hadi polisi wakaja kuipanga.

Kwa hiyo mwenzangu hakuwa na mkosi. Hakubaguliwa pia, ingawa usiku ule aliamini hivyo na nilimwelewa. Alikuwa wa mwisho kwenye foleni ya watu ambao wamezaliwa pale pale.

Hapa wengine mtaniambia, "Lakini dada, mimi nitalipa ile ada ya afya ya wahamiaji." Sawa, tuongee hilo. Ada ile ilianza Aprili 2015 kwa pauni 200 kwa mwaka. Ikapanda, ikapanda, tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa kila mwaka wa visa, wanafunzi 776, na unailipa yote kwa mkupuo wakati wa kuomba. Sisi wa afya tulisamehewa mwaka 2020, baada ya kelele kubwa wakati wa korona, maana ilikuwa aibu kumpigia makofi nesi mgeni kila Alhamisi huku unamtoza. Anayekwenda kwa visa ya kazi za afya na uangalizi halipi, na wategemezi wake pia hawalipi. Lakini ulipe au usamehewe, ada ile inakupa haki aliyonayo Mwingereza, wala haizidi hapo. Na Mwingereza mwenyewe meno analipia. Kwa England, kwenye bei zilizoanza Aprili 2025, ukaguzi au matibabu ya dharura ilikuwa pauni 27.40, kuziba au kutibu mzizi au kung'oa 75.30, kofia au meno ya bandia 326.70. Hizo zilikuwa bei za serikali, ukishapata mlango. Scotland na Wales wana utaratibu wao, Scotland ukaguzi ni bure tangu 2006.

Kitu kimoja kizuri kimebaki tangu sheria za mwanzo, na wengi hawakijui. Watoto chini ya miaka 18 hawalipi. Mjamzito halipi, wala mama aliyejifungua ndani ya miezi 12. Mkunga anakujazia fomu, unapata cheti. Kama unakwenda na mimba, au ukapata huko, usimalize mwaka ule bila kukaa kwenye kiti cha meno. Fizi za mjamzito zinavimba na kutoka damu, hilo sisi tunalijua kliniki, sasa tumia na haki yako.

Waliouliza kuhusu Marekani na Kanada sijawasahau, ila nitapita haraka.

Marekani kinywa na mwili viliachana mapema zaidi. Mwaka 1840 Horace Hayden na Chapin Harris walifungua Baltimore, jimbo la Maryland, chuo cha kwanza duniani cha upasuaji wa meno, peke yake, nje ya chuo cha udaktari. Kwa taaluma ya meno ilikuwa heshima. Kwa mgonjwa ilikuwa mwanzo wa kadi mbili. Medicare ya wazee ilipopitishwa 1965, sheria ilitaja waziwazi kwamba meno hayamo. Bima ya meno ya kazini ilianza 1954 na watoto wa wafanyakazi wa bandari za pwani ya magharibi, jambo zuri kabisa, ila ilikua na tabia moja: ina kikomo cha mwaka, mara nyingi dola 1,000 hadi 2,000, na kikomo hicho hakijasogea sana tangu miaka ya 1970. Ikiisha, imeisha, hata kama jino halijaisha. Na mwaka 2007, kwenye jimbo hilo hilo la Maryland, mtoto wa miaka 12 alikufa kwa usaha uliotoka kwenye jino ukaingia kwenye ubongo. Kung'oa jino lile kungegharimu kama dola 80. Hospitali zilitumia karibu dola 250,000 kujaribu kumwokoa. Mimi ni nesi, nimekaa na namba hizo mbili usiku mzima.

Kanada walitengeneza bima yao ya matibabu mwaka 1966, na meno wakayaacha nje isipokuwa upasuaji unaohitaji hospitali. Sasa wana mpango mpya wa serikali wa meno, ulioanza kutibu watu Mei 2024, kwa familia zenye kipato chini ya dola 90,000 za Kanada zisizo na bima ya meno kazini. Ila lazima uwe umeshawasilisha hesabu za kodi za mwaka uliopita huko Kanada. Mgeni aliyeshuka jana hana hesabu hizo. Kwa hiyo mwaka wa kwanza, ule wenye baridi na madeni, ndio huna kitu.

Na bima binafsi ya meno? Swali zuri. Soma karatasi zake kabla ya kulipa. Nyingi zina muda wa kusubiri kabla ya kuanza kulipia kazi kubwa, na tatizo ulilokuwa nalo kabla ya kujiunga hawaligusi. Lile tundu ulilotoka nalo Tanga ni lako. Bima ya safari nayo, ikiwa na meno, huwa ni kutuliza maumivu tu.

Sasa wewe ambaye visa yako inapikwa. Usisubiri tiketi ndipo uende kwa daktari wa meno. Kutibu mzizi kunaweza kuchukua safari mbili au tatu, na kidonda cha gego kinahitaji muda, kwa hiyo nenda miezi mitatu kabla. Mwambie kwamba unahama nchi, akague yote, sio hilo linalouma tu. Gego la mwisho lililotoka nusu likajificha chini ya fizi, uliza kama litakusumbua. Kilichozibwa kwa muda kizibwe kwa kudumu. Kama una bima hapa, uliza dirishani inalipia nini kwenye kinywa na meno kabla haijakatika, kwa sababu siku ukiacha kazi na kadi inakufa. Omba nakala ya picha za eksirei na cheti cha yaliyofanyika, weka pamoja na vyeti vyako vya chuo. Ukifika tu, hata kabla jino halijauma, anza kupiga simu kliniki na uombe kuandikwa kwenye orodha ya kusubiri. Na zile amoksilini acha nyumbani. Dawa haiondoi usaha uliofungiwa ndani ya jino, inanyamazisha tu mpaka usiku ambao hutapata wa kukusaidia.

Najua mtasema gharama. Hata hapa kwetu wazazi wetu wanakumbuka kabla ya 1993, wakati uchangiaji wa gharama haujaanza kwenye hospitali za serikali. Sisi meza ile iliwekwa kwenye mlango mzima. Wao waliiweka kwenye kinywa. Lakini kuziba jino hapa kwa shilingi, ukiwa bado una mshahara na daktari unayemjua kwa jina, huwezi kulinganisha na kumtafuta mtu kwa pauni katika mji ambao hata basi hujui linapita wapi.

Mwenzangu anaendelea vizuri. Anatafuna upande wa kulia. Ameandikishwa kwenye orodha ya kliniki moja, aliambiwa asubiri kama miezi minane. Amenipa ruhusa niandike haya mradi nisimtaje, na ameniambia niongeze kwamba lile jino la juu lenye weusi, nililokuwa namsumbua nalo tangu chuoni, nalo bado lipo.

Mimi mwenyewe Jumamosi nilikwenda kuziba mawili. Nilikuwa nayajua tangu mwaka juzi.

Sehemu ya 6 ni ule mtihani wa vitendo, safari hii kweli. Halafu ya 7 miwani, kwa sababu kwenye ile bajeti ya Aprili 1951 miwani na meno vililipishwa siku moja, na nimeona wengi wenu mnasafiri na miwani iliyofungwa kwa selotepu.